Togwa, mtindi na kilomita 10: shajara ya kikundi chetu cha mbio, Moshi

Hii ni shajara ya jaribio la vyakula vilivyochachuka lililofanywa na kikundi cha mbio chenye watu 12, Moshi mjini. Inaongezwa kila hatua inapokwisha, ili kikundi kingine kikitaka kurudia kisianze gizani. Bei zote ni za hapa, kwa shilingi ya Tanzania. Majina hayamo: watu walikubali kutoa habari za choo chao kwa sharti hilo.

11 Mei 2025: Swali na vipimo

Mwezi uliopita jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti uliofanyika hapahapa Kilimanjaro, kazi ya wataalamu wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Walishiriki wanaume 77 wenye afya. Wa kijijini waliozoea vyakula vya asili walihamishiwa vyakula vya kizungu vya kusindikwa kwa wiki mbili, wa mjini wakafanyiwa kinyume chake, na kundi la tatu likanywa mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga, kwa wiki moja. Damu za waliohamia vyakula vya kusindikwa zilionyesha dalili za uchochezi, yaani mwili kuwaka kama una jeraha, na kinga yao ikawa dhaifu zaidi ilipokutanishwa na vijidudu. Waliopewa vyakula vya asili, na wanywa mbege pia, walielekea upande mwingine. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Utafiti ule haukupima mbio, wala haukuuliza mtu kaamka na moyo gani. Sisi tunakimbia kila Jumapili na wengi wetu tunashindia chapati, chipsi mayai na soda. Tunataka kuona kama kurudisha vyakula vilivyochachuka na jamii ya maharage kutabadilisha muda wa kilomita 10, hali ya tumbo barabarani, na hali ya moyo kwa ujumla.

Mbege imeondolewa mapema. Kikundi kina Waislamu na Walokole, na kocha hataki kilevi kwenye ratiba ya mazoezi. (Mzee mmoja wa Kibosho aliposikia alitusikitikia kama waliofiwa.) Tumechagua togwa (uji uliochachushwa kwa kimea) nusu lita na mtindi glasi moja kwa siku, pamoja na sahani ya makande au maharage. Maharage yapo kwa sababu bakteria wa utumbo mpana hula nyuzinyuzi na wanga tulioshindwa kumeng'enya, kisha hutoa asidi kama butireti, ambayo seli za ukuta wa utumbo huo huitegemea kwa nguvu. Kunywa togwa peke yake ni kualika wageni kwenye nyumba isiyo na unga.

Watu sita wataanza (kundi A), sita wataendelea kula kama kawaida yao (kundi B), halafu tutabadilishana. Vipimo ni vitatu. Cha kwanza ni saa. Cha pili ni WHO-5, dodoso la maswali matano kuhusu wiki mbili zilizopita: kila swali lina alama 0 hadi 5, jumla inazidishwa kwa 4. Anayepata chini ya 50 anafaa kuzungumza na mhudumu wa afya, kwa hiyo karatasi hizo anapokea muuguzi wetu, si mimi katibu. Cha tatu ni chati ya Bristol, yenye aina 7 za choo kuanzia vigololi vikavu hadi maji matupu. Aina ya 3 na ya 4 ndiyo inayotakiwa.

25 Mei 2025: Kipimo cha mwanzo kimevurugika

Tulipanga kupima ndani ya msitu wa Rau kwa sababu ni tambarare na kuna kivuli. Masika yakatuonyesha. Jumapili ya kwanza tope lilifika kwenye vifundo vya miguu, na muda wa kila mtu ukawa wa aibu. Jumapili iliyofuata tukahamia lami ya Shanty Town, muda ukashuka kwa dakika nyingi, na hakuna aliyekuwa amekunywa togwa hata tone. Kama tungeanza siku ile, lami ingechukua sifa za bakteria. Tumefuta vipimo vyote na kuanza upya kwenye lami, saa 12 na nusu asubuhi, njia ileile hadi mwisho wa jaribio. Anayetaka kutuiga achague kwanza njia ambayo mvua haiwezi kuibadilisha.

Chati ya Bristol nayo iligoma. Watu walipewa daftari, likarudi tupu. Dereva wetu wa bodaboda alisema wazi, "Katibu, hiyo siandiki. Daftari hili mke wangu analisoma." Tukaacha daftari. Sasa kila usiku mtu anamtumia muuguzi namba moja tu kwa simu, bila maneno. Wiki haijaisha, imegeuka salamu ya kikundi: "Leo ngapi?" "Nne safi." Data zinaingia vizuri.

15 Juni 2025: Togwa imetupiga

Hatua za kawaida kwa ufupi: pika uji mzito wa mahindi, uache upoe, changanya kimea cha ulezi, funika usiku kucha, koroga, kunywa. Sasa yaliyoharibika.

Kimea cha kwanza kilinunuliwa soko la Mbuyuni kikiwa kimeshasagwa. Kilikuwa na harufu ya gunia lililonyeshewa, na chini ya mfuko kulikuwa na madonge ya kijivu. Wawili walisema kikichemka kitakuwa salama. Si kweli: ukungu unaweza kuacha aflatoksini, na sumu hiyo haiondoki kwa moto wa jikoni. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyohiyo. Tumetupa kilo mbili, 8,000 imekwenda. Sasa tunanunua ulezi mzima, tunauchambua, tunauloweka usiku, tunaufunika kwa majani ya mgomba mpaka uchipue, tunauanika juani mpaka ukauke kabisa ndipo tunasaga. Ni kazi ya karibu wiki, lakini unajua unachokula.

Ndoo ya pili haikuchachuka. Aliyepika alitia kimea uji ukiwa bado unatokota. Kimea kina kazi mbili: vimeng'enya vyake hulainisha wanga, na bakteria walioshikamana na punje ndio wanaotia ukali. Uji unaotokota unaua vyote viwili. Tulipata uji mzito, mtamu kidogo, ambao kesho yake ulianza kunuka. Dawa tuliyoipata ni kutia kimea mara mbili. Konzi ya kwanza inaingia uji ukiwa wa moto lakini kidole kinavumilia kidogo, ili ulegee. Konzi ya pili inaingia ukiwa vuguvugu, pamoja na kikombe cha togwa ya jana iliyotoka vizuri. Kikombe hicho ndicho kilichotuokoa: kinaleta jeshi la bakteria lililokwisha kuzoea kazi.

Mwalimu wetu wa baiolojia alileta karatasi za pH, za kupimia ukali: namba ikishuka, ukali umepanda. Tunakunywa togwa ikishuka hadi 4 au chini yake, kwa sababu kwenye ukali huo vijidudu vingi vya kuharisha havistawi. Si jambo geni kwetu: utafiti uliochapishwa 1999 kuhusu watoto wadogo wa Tanzania ulikuta bakteria wa magonjwa ya tumbo wakipungua kwenye choo cha waliopewa togwa, kuliko waliopewa uji wa kawaida. Ikipita siku ya pili tunaimwaga au anapewa nguruwe wa jirani, maana inaanza kuelekea kwenye pombe.

Halafu ikagundulika kwamba mama mmoja wa kundi A amekuwa akiichemsha togwa nyumbani kabla ya kunywa, "kwa usafi". Kwa usalama hana kosa, ila kwa jaribio letu alikuwa anakunywa bakteria waliokufa. Wiki zake tumeziwekea alama pembeni badala ya kuzifuta.

6 Julai 2025: Maharage, gesi na baridi

Wiki tatu za kwanza za kundi A zilikuwa mbaya, na ni vyema zisomwe na kila atakayeanza. Watu waliotoka kwenye chapati wakaruka moja kwa moja hadi sahani kubwa ya maharage. Matumbo yalijaa, namba za usiku zikawa 5 na 6, na Jumapili moja watu wawili walikatisha mbio kutafuta choo cha petroli stesheni. Maharage yana sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja, kama rafinozi na stakiozi. Zinafika chini nzima, bakteria wanazishambulia, gesi inatoka. Ukiongeza mbio, damu inahama tumboni kwenda miguuni, na utumbo unaokosa damu hauna uvumilivu.

Marekebisho yaliyofanya kazi: maharage yanalowekwa usiku kucha na maji yake yanamwagwa, kisha yanachemshwa kwa maji mapya. Wiki ya kwanza ni vijiko vitatu tu kwa mlo, wiki ya pili nusu kikombe, sahani kamili inakuja wiki ya tatu. Jumamosi yanaliwa mchana, usiku hapana. Asubuhi ya mbio hakuna togwa wala mtindi, ni ndizi mbivu na maji. Baada ya hapo kundi A lilitulia, na mwishoni mwa hatua hii 3 na 4 zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote.

Mtindi ulikuja na shida yake. Maziwa tunachemsha, hilo halina mjadala, kwa sababu ya brusela, ugonjwa unaopita kwenye maziwa mabichi. Yakipoa hadi vuguvugu tunatia vijiko vya mtindi wa jana. Pakiti moja ya dukani tuliyoitumia kama mbegu haikugandisha chochote, lita tano zikabaki maziwa yenye harufu. Tukaomba mbegu kwa mama anayeuza maziwa mgando mtaani, ikashika mara ya kwanza. Kisha baridi ya Julai ikaingia, na sufuria iliyofunikwa kwa kanga ikaamka asubuhi ikiwa maji. Suluhisho ni hotpoti: mimina maziwa vuguvugu na mbegu ndani yake, funga, viringisha blanketi. Hotpoti mbili za mtumba kutoka soko la Memorial, 30,000 zote mbili, ndiyo pesa tuliyoitumia vizuri kuliko zote.

Mmoja anapata kujaa hata kwa mtindi. Anakunywa togwa tu.

27 Julai 2025: Kubadilishana, na habari ya vidonge

Makundi yanabadilishana leo. Tulipumzika wiki tatu katikati ili athari za chakula zififie. Kwa utafiti ule wa Kilimanjaro hata nne zinaweza zisitoshe, lakini watu walianza kuchoka kungoja.

Kijana wetu mwenye kasi zaidi amekuja na tangazo la vidonge vya bakteria vya wakimbiaji, vinauzwa ng'ambo. Kwa bei aliyotajiwa, dozi ya mwezi mmoja inazidi 100,000 kabla ya usafirishaji. Nimeona nieleze hapa chanzo cha habari hiyo, kwa sababu ni nzuri kuliko tangazo lenyewe.

Watafiti wa Boston walikusanya choo cha wakimbiaji 15 kabla na baada ya Boston Marathon ya 2015. Bakteria anayeitwa Veillonella aliongezeka baada ya mbio. Huyu chakula chake ni lakteti, ileile inayojaa kwenye damu misuli inapofanya kazi kwa nguvu. Anaigeuza kuwa propioneti, asidi ya jamii moja na butireti. Wakampandikiza kwa panya, na panya hao wakakimbia kwa muda mrefu zaidi kwa asilimia 13. Ilichapishwa 2019. Walipoingiza propioneti tupu kwa njia ya haja kubwa, panya walinufaika pia, kwa hiyo inaelekea siri iko kwenye asidi ile.

Jambo lililotuchekesha na kutuuma: panya wa kulinganishia, wale wa kuonyesha hali ya "hakuna kitu", walipewa Lactobacillus bulgaricus, bakteria maarufu wa yogati, ndugu wa wale wa mtindi wetu. Walichaguliwa kwa sababu hawawezi kula lakteti. Kwa hiyo kama kuna anayetegemea mtindi umpe miguu kwa njia hii ya Veillonella, asubiri sana. Kijana ameahirisha vidonge.

Kocha naye alitaka dozi iongezwe, akitaja utafiti wa Stanford wa 2021. Anachosema ni kweli: watu 36 waligawanywa, na waliokula vyakula vilivyochachuka, hadi sehemu sita kwa siku, walipata aina nyingi zaidi za bakteria, huku protini 19 za uchochezi zikishuka kwenye damu. Sisi tuko kwenye sehemu tatu hivi. Lakini tukiongeza sasa, kundi B litakuwa limefanya jaribio lingine kabisa. Nimekataa. Atakayeanza upya aanze na dozi kubwa.

24 Agosti 2025: Dawa, msiba na alama za moyo

Mmoja wa kundi B ametolewa. Aligundulika na bakteria wa vidonda vya tumbo, akaanzishiwa antibayotiki mbili kwa pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Ndivyo inavyotakiwa, na hakuna aliyemshauri aache. Lakini antibayotiki hazichagui adui, kwa hiyo namba zake hazisomeki tena. Alituambia pia kwamba hamu ya kukimbia ilikatika kabisa. Kuna panya wanaofanana naye: mwaka 2022, timu ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilionyesha kwamba panya waliofutiwa bakteria wa utumbo kwa antibayotiki walikimbia kidogo zaidi. Baadhi ya bakteria hutengeneza kemikali zinazochokoza neva za utumbo, ujumbe unapanda hadi kwenye ubongo, na dopamini, kemikali ya ubongo inayoleta hamu, inabaki juu zaidi wakati wa mazoezi. Bila ujumbe huo, kukimbia hakunogi. Kwa mwenzetu sithubutu kusema ndiyo sababu. Tumbo lilikuwa linamuuma, na dawa zenyewe huacha ladha ya chuma mdomoni. Nani angetaka kukimbia?

Swali lililofuata kwa wengi lilikuwa: je, antibayotiki za mafua? Watu watatu walikiri wamenunua amoksilini duka la dawa bila cheti mwaka huu. Mafua ya virusi hayasikii antibayotiki. Muuguzi amewasemesha kwa sauti ambayo sitaiandika.

Sasa alama za WHO-5. Katikati ya mwezi kocha alifiwa, akasafiri, na kikundi hakikukutana Jumapili mbili. Alama zikashuka kwa karibu kila mtu. Kundi B walikuwa wanaendelea kunywa togwa na mtindi bila kukosa, bakteria wao walikuwa kazini, na wao pia walishuka. Tulipoanza tena kukimbia pamoja zikapanda. Kwa maoni yangu hili ndilo lililojitokeza wazi kuliko yote katika jaribio zima, na hatukulipanga.

Hii haina maana kwamba utumbo na moyo havizungumzi. Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali inayohusishwa na hali ya moyo, hutengenezwa utumboni, ila ile haivuki kuingia kwenye ubongo. Mazungumzo hupita njia nyingine, mojawapo neva ya vagasi, inayounganisha utumbo na ubongo. Mwaka 2011 panya waliolishwa aina moja ya Lactobacillus walipunguza woga, na neva hiyo ilipokatwa faida ikatoweka. Bakteria yuleyule alipojaribiwa kwa wanaume wenye afya, majibu yakatoka 2017: hakuishinda dawa bandia, ile isiyo na kitu ndani inayotumika kulinganishia. Na Wabelgiji wa Flanders, 1,054 kwa idadi, walipochunguzwa (2019), wenye sonona walikuwa na upungufu wa bakteria Coprococcus na Dialister. Upungufu ulileta sonona, au sonona ilibadilisha ulaji kwanza? Hesabu zile peke yake hazitoi jibu. Mtu aliyezama kwenye huzuni aende hospitali, asiletewe ndoo ya togwa.

21 Septemba 2025: Matokeo na gharama

Muda wa kilomita 10 umepungua kwa karibu kila mtu, kati ya dakika moja na tatu. Ulipungua pia katika wiki ambazo mtu hakuwa anakunywa chochote. Wakati kundi A linakunywa, B walikuwa wanaongeza kasi sawasawa nao kwa chipsi zao. Ni mazoezi, na masika kwisha. Kwa watu wachache kama sisi, kama togwa ina sekunde zake, zimefunikwa.

Mabadiliko ya WHO-5 hatuwezi kuyahusisha na chakula, kwa sababu ya msiba wa Agosti.

Tumbo ndilo limebadilika. Makundi yote mawili, zamu yao ilipofika na wiki za mwanzo zikapita, walipata namba 3 na 4 kwa wingi, na kukatisha mbio kwa sababu ya choo kukawa nadra. Kundi B halikupita kwenye mateso ya gesi kwa sababu lilianza na vijiko vitatu. Sifa nyingi nawapa maharage na utaratibu wa kula Jumamosi, kuliko togwa. Tungekuwa na kundi la tatu la maharage peke yake tungejua, na ndilo pengo kubwa la mpango wetu. Mgawanyo huo ufanywe na watakaofuata.

Gharama kwa mtu mmoja kwa wiki: maziwa 3,500, maharage 3,000, mahindi na ulezi 1,200, mkaa 800. Jumla 8,500. Vifaa vya kikundi: hotpoti 30,000 na karatasi za pH 20,000. Hasara: kimea chenye ukungu 8,000, maziwa yasiyoganda 10,000, na ndoo ya uji uliooza ambayo mpishi alikataa kuidai.

Wenzetu wa Tanga wameomba utaratibu. Kwa joto la kule togwa itawahi, kwa hiyo waanze kupima pH baada ya muda wa saa nane badala ya kungoja asubuhi, na hotpoti hawataihitaji. Mbegu ya mtindi tutawatumia kwa basi la usiku, kwenye chupa isiyojazwa hadi mdomoni, maana mtindi unaweza kutoa gesi njiani na kizibo kinaweza kuruka juu ya mizigo ya watu.